Kipande cha Mwenzio

9 Machi

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi na si umelala, na kwamba ule mguu umeacha kukutawala. Mimi mzima. Cherehani nayo nzima, ingawa imesafiri juu ya magunia ya watu ikafika pedeli imepinda. Nimeinyoosha kwa nyundo na matusi. Wateja wameanza kuja. Wa kwanza ni mwalimu wa kike wa shule ya jirani, kaleta sketi ya kupunguza, halafu akakaa kunichungulia kana kwamba anayepimwa ni mimi. "Wewe ndiye mtoto wa marehemu?" Nikamwambia ndimi. Akasema, "Basi karibu tena kwenu."

Utauliza kwa nini sipigi simu. Nimepiga. Uliitika "haloo" weee, kisha ukamwambia yule jirani yako muuza mkaa kwamba kuna mtu anapumua ndani ya simu. Kwa hiyo tuandikiane kama watu wazima.

Yule bwana aliyenioa hajanitafuta, nami sijamngoja. Nilipoufunga mlango wake niliufunga kwa nje.

Sasa jambo lenyewe ni ua wa nyuma wa nyumba hii ya kwetu. Tangu mpangaji wa mwisho ahame hakuna aliyeugusa. Mlango wa uani ulinigomea, nilipousukuma kwa bega nikakuta kinachouzuia si kutu, ni majani. Yamefika kifuani. Kishona-nguo kimejaa kila mahali. Niliingia kidogo tu nikatoka gauni zima limeshonwa kwa mbegu zake, na fundi ni mimi. Chini yake kuna majani membamba ambayo nikiyang'oa yanakatika, na siku chache baadaye yamerudi pale pale, marefu zaidi.

Nataka kulima. Usicheke. Najua umenilea kwenye chumba kimoja na ua wa saruji, na jembe nimelijua kwenye picha. Lakini ua huu naukumbuka ukiwa bustani. Nakumbuka nimekaa ngazini na kikombe cha maji, na mama ameinama kule karibu na ukuta, amenipa mgongo, anapalilia. Ndilo jambo pekee nililobaki nalo la mama. Nataka niurudishe ua kama ulivyokuwa. Niambie naanzia wapi.

Mwanao,
Kibiriti


24 Machi

Kibiriti mwanangu,

Marahaba, na tena marahaba. Barua yako imenikuta nimelala, kwa hiyo dua yako ya kwanza imegonga mwamba. Mguu ndio mwenye nyumba, mimi mpangaji. Ndiyo malipo ya kusimama ujana mzima nikifua mashuka ya hospitali. Muuza mkaa ananichotea maji, kisha ananieleza kwa kirefu jinsi ndoo ilivyo nzito.

Nimefurahi umefika salama. Kuhusu yule bwana sina neno, nilikwishalisema siku ya posa.

Hayo majani membamba ni ndago. Ndago hazing'olewi, zinafukuliwa. Huko chini zina vinundu vyeusi, ukiacha kimoja umeacha ukoo mzima. Chimba, fuata mzizi kwa kidole, toa kinundu. Gugu ukishalitoa likung'ute udongo, ulilaze mizizi ikitazama juu, jua limalize kazi. Usichome moto. Anza karibu na bomba ili usijitese kubeba maji. Pima matuta yako mkono ufike katikati bila kukanyaga. Panda mchicha kwanza, maana mchicha humsamehe mjinga. Maji mwaga asubuhi au jioni, si mchana wa jua kali. Na mikono itakuuma. Ikiuma, ndiyo yenyewe.

Hilo unalolikumbuka la ngazini, sawa.

Kula vizuri. Chumba cha mbele kinavuja kwenye kona ya kabati, weka ndoo.

Mama yako Mkubwa


15 Aprili

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila viganja vyangu vina malengelenge hata sindano naishika kwa ncha za vidole. Ndoo nimeiweka kwenye kona ya kabati, na kweli panavuja. Mwalimu ameichukua sketi yake, kaleta na za wenzake. Anakusalimu, ingawa hakujui.

Mchicha umeota. Nyanya nazo ziliota, au ndivyo nilivyodhani. Kuna mche mmoja niliupenda kuliko yote, nikaujengea uzio wa vijiti, nikaumwagilia, nikauita mkubwa wa darasa. Mwalimu alipoingia akacheka hadi akashika ukuta. "Fundi, hiyo ni mbigili! Umelea miiba!" Watu huvuna walichopanda, mimi nimevuna nisichopanda.

Sasa nikwambie jambo, na usinipeleke kwa daktari.

Lile tuta refu la katikati nilianzia mwisho wa mlangoni, nikaelekea ukutani. Unakumbuka bibi na mama walivyokuwa wakifanya, siku ambazo wewe ulikuwa kazini? Wawili kwenye tuta moja, mmoja anaanzia huku, mwingine kule. Anayefika katikati kwanza hamalizi. Anaacha kipande chenye upana wa kigoda, anakwenda kunywa maji, ili mwenzake naye akifika akute cha kumalizia, asione ameachwa. Basi nilipofika katikati nilichoka, nikaacha. Lakini kabla ya kuacha nilikipima kile kipande kwa viganja, upana wa kigoda, nikakilinganisha vizuri. Sijui kwa nini, nami niko peke yangu. Mkono ulifanya wenyewe.

Asubuhi yake kipande kilikuwa kimepaliliwa. Na nusu yote ya kule, hadi ukutani. Ndago zimefukuliwa moja moja, zimekung'utwa, zimelazwa mizizi juu kama ulivyonifundisha, tena kwa mstari ulionyooka kuliko wangu. Ukuta wa nyuma ni mrefu na una vipande vya chupa juu. Uani hakuna njia ila kupita jikoni kwangu, na jikoni kulikuwa na komeo.

Niliogopa, sikatai. Nilishinda ndani mlango umefungwa, nikashona mkono wa blauzi kinyume. Kisha jioni nikatoka, nikapalilia tuta la pili hadi katikati, nikaacha kipande kingine.

Nacho kimepaliliwa.

Kibiriti


13 Mei

Kibiriti mwanangu,

Nimekawia, nisamehe. Barua yako imekaa chini ya mto muda mrefu. Salamu za mwalimu nimezipokea, mrudishie. Bati la jirani limeezuliwa na upepo, likatua kwenye mkaa wa muuza mkaa, sasa kuna kesi.

Nimekuwa nalala mno. Silali kama mgonjwa, nalala kama mtu aliyeshinda shambani, naamka kiuno kimekatika. Muuza mkaa anasema ni uzee. Nikamwambia uzee naujua, tumekaa pamoja siku nyingi, huyu ni mgeni mwingine.

Kuhusu huyo anayekupalilia, majirani wana ngazi, na watu wana uchokozi. Nakusihi, matuta yako maliza mwenyewe. Kipande kile ni cha watu wawili. Aliye peke yake akikiacha, ni sawa na kuita, na mtu haiti bila kujua atakayeitika.

Bamia umezibananisha mno. Ng'oa moja, acha moja. Na ukifika pembeni ya bomba lima taratibu, pana jiwe limelala chini, litakuvunjia mpini.

Mama yako Mkubwa


21 Mei

Mama Mkubwa,

Shikamoo, na pole kwa uchovu. Nimemwomba mwalimu dawa ya kiuno, nitakutumia. Mwambie muuza mkaa aache kesi, bati halishitakiwi.

Mpini ulikuwa umeshavunjika barua ilipofika. Jiwe liko pale pale uliposema. Hilo sawa, labda unalikumbuka la zamani. Lakini bamia, Mama Mkubwa? Bamia sikukuandikia. Nilizipanda baada ya kutuma barua. Na kwenye bahasha yako kuna alama ya kidole gumba, ya udongo mwekundu. Kwako ni saruji tupu, na mlangoni ni vumbi la mkaa. Udongo mwekundu uko huku kwangu.

Nimekaa nalo siku nzima, nimelielewa. Anakuja na kwako. Anakwambia habari zangu, nawe unaogopa kuniambia nisije nikapata kichaa.

Sipati kichaa. Ni mama. Magugu ya kule ukutani yanalazwa upande wa kushoto wa anayepalilia, kila mara. Nimeyafuata kwa mkono wangu mwenyewe, hayalaliki hivyo kwa mtu wa mkono wa kulia. Na yule ninayemkumbuka mimi, mgongo ule, alikuwa anatumia kushoto. Naliona jembe dogo kwenye mkono ule hadi leo.

Hujui nilivyo na furaha. Tangu utoto watu wananieleza mama alivyokuwa, nami natikisa kichwa kama ninayesimuliwa habari za jirani. Sasa kila asubuhi naamka nakuta amefanya kazi karibu na yangu. Natoka na chai yangu, nakaa ngazini, natazama alipofika. Ndago zake bado mbichi, udongo wake bado una unyevu.

Je, kwako huwa anasema nini?

Kibiriti


16 Juni

Mwanangu,

Salamu. Dawa ya kiuno imefika, ninaipaka.

Kuhusu bamia sina la kusema. Mtu hukisia. Kila anayeanza hubananisha bamia.

Unashona? Barua yako yote haina hata uzi mmoja. Shona, ule, umwalike yule mwalimu mnywe chai mcheke. Nyumba haikai kwa bustani peke yake.

Juzi muuza mkaa amenitikisa hadi adhuhuri sikuamka. Akadhani nimekufa, akaanza kulia kwa sauti. Sasa ananinunia kwa sababu nimemliza bure. Mwandiko huu usiushangae, vidole vimepasuka. Usiku mguu hauniumi hata kidogo. Nainama nainuka bila kushika ukuta. Asubuhi ndiyo mbaya.

Nakuomba moja tu. Ua ukifika mwisho, ufikishe mwisho. Usiache kitu.

Mama yako Mkubwa


24 Juni

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Pole na vidole, pole na muuza mkaa. Kwa kweli sikuelewa hapo pa kuinama usiku. Unainamia nini usiku, na mguu huo? Mwambie akupeleke hospitali wakuangalie, wewe si uliwafulia mashuka?

Unaniomba niumalize ua. Siwezi, na nitakwambia ukweli kwa nini. Mwezi huu lilibaki tuta moja tu lenye magugu. Nikasimama pale na jembe, nikajiuliza. Kazi ikiisha, atakuja kufanya nini?

Basi nilikwenda kwenye kiwanja kitupu kule barabarani, nikajaza ndoo mbegu za kishona-nguo. Nikafukua na ndago, nikazileta nyumbani zikiwa na vinundu vyake. Nimezipanda. Nazimwagilia asubuhi na jioni, si mchana wa jua kali. Mwalimu amenikuta na ndoo mkononi nikiyanywesha magugu. Safari hii hakucheka. Alisema, "Fundi, una watu wa kuwapigia?" Nikamwambia ninao wa kuwaandikia. Nguo za wenzake amekuja kuzichukua zikiwa hazijashonwa.

Mchicha nimeung'oa kupisha.

Nami sasa napalilia kidogo tu, naacha kipande karibu na mlango, ili yeye aje mbali zaidi kutoka ukutani. Kila siku anasogea. Jana amefika kwenye ngazi ya chini. Kwa hiyo nimeamua. Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao nitakaa ngazini kabla hakujapambazuka, nimwone. Uso wake nimeusahau, Mama Mkubwa. Nina mgongo tu. Nitamwambia ageuke.

Kibiriti


1 Julai

Kibiriti,

Salamu nitatoa siku nyingine. Hii nimempa dereva wa basi mwenyewe mkononi, ili iwahi Jumapili.

Usikae ngazini. Hakuna kitakachokudhuru. Nachelea utakavyovunjika moyo akigeuka.

Mama yako hakushika jembe tangu akuzae. Alikuwa mgonjwa wa kifua. Alikaa dirishani amefunikwa shuka, akitutazama. Siku zangu za mapumziko nilikuwa nakuja huko, na kwenye tuta lile bibi yako alianzia mlangoni, mimi nilianzia ukutani. Mkono wa kushoto ni wangu. Mwenyewe umeniona nikipiga pasi nao miaka yote uliyokaa kwangu, ukanitania kwamba nakunja shuka kinyume, na bado hukujumlisha. Nikajua umeamua kutojumlisha, nikakuachia.

Siku hizo ulikuwa ukiniita mama. Mama yako akisikia pale dirishani, ananyamaza. Nami nanyamaza. Alipofariki nikakufundisha kusema Mama Mkubwa, ili jina lake libaki na mwenyewe.

Basi anayekuja ni mimi. Usiniulize kwa njia gani. Nalala hapa, najikuta pale, ukuta uko nyuma yangu, na mbele kuna kipande ulichokiacha. Tangu utoto siwezi kuona kipande nikakipita. Napalilia, mguu mzima, mgongo mzima. Naona nyumba, naona nguo zako kwenye kamba. Wewe sijakuona hata mara moja. Naamka hapa na ndago kwenye kucha na udongo hadi kifundo cha mguu, na muuza mkaa anafua mashuka yangu bila kuuliza, jambo ambalo si kawaida yake.

Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa na furaha, na mimi pia nilikuwa nayo. Lakini kila kipande kinaondoka na kitu changu. Sasa nalishwa kwa kijiko. Ukiendelea kuacha, nitaendelea kuja, na siku moja sitapata nguvu ya kurudi. Maliza ua, mwanangu. Maliza hadi jani la mwisho.

Mama yako Mkubwa


8 Julai

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Umeniudhi. Nimeirusha barua yako chini ya cherehani, nikaiokota, nikairusha tena. Kwa nini uniache niwe ninakunyonya huku nikinywa chai ngazini? Ungesema siku ile ya bamia!

Halafu nimelia, na nilipomaliza kulia nikaona jambo. Mgongo ule ni wako. Basi miaka yote niliyolala na kuamka nikimlilia yule aliyekuwa uani, alikuwa amelala kitanda cha pili, chumba hicho hicho, akikoroma. Sijui nicheke au nifanye nini. Na mama yangu namwonea huruma, aliyekaa dirishani, maana kwake sina hata kumbukumbu moja. Hilo linaniuma, nami sitakuficha.

Nimemaliza ua. Nilianzia ngazini Alhamisi, sikupumzika hadi ukuta. Hakuna kipande. Nimepekua udongo kwa vidole kutafuta vinundu. Ua ulibaki mweupe, hauna kitu, kama meza iliyofutwa.

Ijumaa asubuhi nikafungua mlango. Magugu yamepandwa. Matuta yote. Kishona-nguo kwa mistari, ndago kwa mistari, nafasi sawa, moja acha moja. Yamemwagiwa maji. Ndoo yangu imefunikwa kifudifudi kando ya bomba, bado inachuruzika. Na katikati ya kila tuta kuna nafasi iliyoachwa tupu, upana wa kigoda.

Unaniambia nimalize, kisha unakuja kunipandia! Sitaki. Nimeyang'oa tena, Jumamosi yamerudi. Jumapili sikukaa ngazini. Nakuja kukuchukua. Nimekata tiketi ya basi la tarehe kumi na tano. Utakuja kuishi huku kwa mwili wako, mchana, ukae ngazini unikosoe.

Kibiriti


12 Julai

Mwanangu,

Kalamu inashikwa na muuza mkaa. Makosa ni yake.

Niliyekwambia umalize ni mimi wa mchana. Aliyepanda ni mimi wa usiku, na yule hanisikilizi tena. Mchana wangu umekuwa mfupi sana. Naamka kiasi cha kunywa maji.

Usije. Ukija tutapishana njiani. Mimi nakuja huko, na safari hii naona sitarudi. Kaa nyumbani nikukute.

(Mimi jirani naongeza: njoo haraka.)


17 Julai

Mama,

Barua yako nilikabidhiwa na dereva stendi, mguu mmoja uko ndani ya basi. Nikapanda hata hivyo.

Naandika nimekaa pembeni ya kitanda chako, karatasi nimeiweka juu ya sinia. Muuza mkaa amenipokea kwa kunigombeza, kisha akanipa kiti chake. Muuguzi amekuja, amekupima, amesema hana jina la ugonjwa. Umelala tangu juzi. Tumekuosha miguu, maji yakatoka mekundu, tukabadilisha, yakatoka mekundu tena.

Nakuita, huitiki. Ila mkono wako wa kushoto haujatulia tangu nifike. Unashika shuka, unavuta, unakung'uta, unalaza kushoto. Unashika, unavuta. Nimeutazama muda mrefu kabla sijaelewa. Uko uani kwangu. Uko kule unapalilia, umeinua kichwa kuniangalia mlangoni, nami siko. Nimekuja huku nikakuacha peke yako.

Nilitaka kukimbilia stendi. Muuza mkaa akanishika bega, akasema, "Ukirudi kule, naye akirudi huku? Mtachezeana hivyo hadi lini?" Nikakaa.

Naendelea kuandika baadaye kidogo.

Hivi ndivyo nilivyofanya, na ukiulizwa utakataa, kwa hiyo nakuandikia. Nilipiga magoti miguuni pa kitanda. Nikaanza na pindo la shuka, kwa mkono wangu wa kulia, kuvuta, kukung'uta, kulaza. Nikaja juu pole pole. Nawe ukaja chini. Muuza mkaa alitoka nje. Ulipungua mwendo, naona ulisikia kuna mtu upande wa pili, kisha ukaongeza. Tulipokaribiana mkono wako ukasimama. Ukabaki umeulaza pale, umeniachia kipande.

Sikukiacha, Mama. Nilikipalilia chote hadi kwenye vidole vyako, nikavishika. Vilikuwa vya baridi, udongo umo kwenye mipasuko. Nikasema, "Mama, tumemaliza. Jua limekuwa kali. Ingia ndani." Nilisema mara nyingi, kwa sauti, kama mtoto anayeita kutoka ngazini.

Ulivuta pumzi ndefu. Ukakunja uso kwa maumivu, mguu nadhani, maana ulianza kuupapasa. Halafu ukafumbua macho ukanitazama usoni, umekasirika kabisa.

"Ulikuwa wapi wewe? Nimekungoja kule mpaka nimechoka."

Nikakwambia niko hapa. Ukasema, "Haya," ukaomba maji, ukayanywa yote.